Uso Uko Kwenye Bango Mwaka wa Tatu, Malipo Yalikuwa ya Siku Moja

Wadau, ile picha wengi mmeiona. Dada amekaa siti ya dirishani kwenye daladala, foleni imeganda, na ng'ambo ya barabara nyuma yake kuna bango kubwa la yeye mwenyewe, anacheka meno yote thelathini na mbili, simu mkononi. Mjanja mmoja akapiga, akaposti, akaandika: "Balozi na usafiri wake." Basi. Siku mbili nzima mji unacheka. "Kumbe maisha ya bango ni feki." "Hela kala na nani?" "Si angepanda hata bodaboda." Wengine wakamtag mwenyewe kabisa, eti ajibu.

Hakujibu. Na mimi jina lake silitaji, la kampuni ya simu silitaji, wala la waliotengeneza tangazo, kwa sababu hadithi yenyewe si ya kwake peke yake. Ukizunguka mjini utakutana nayo kwenye unga, sabuni, bima, benki, maziwa ya mtoto. Ninachotaka kusema ni kwamba waliocheka wamemcheka mtu asiyehusika. Yule dada si balozi wa kitu chochote. Balozi ana mkataba wa mwaka au miwili, ana meneja, ana gari la kuazimwa. Huyu alilipwa siku moja ya kushuti, akaenda nyumbani. Bango lina mwaka wa tatu sasa, na kwa karatasi aliyosaini linaweza kukaa pale hadi wajukuu zake waanze shule bila yeye kuongezewa hata mia.

Najua vipi? Nimekaa kwenye seti za matangazo miaka kadhaa, nikiwa yule msaidizi anayebeba redio ya upepo na kuulizwa chai iko wapi. Si kazi ya sifa, lakini ukiwa msaidizi unaona makaratasi yote, maana wewe ndiye unayetumwa kuyachapisha.

Kwanza muelewe tangazo linatengenezwaje, kwa sababu watu wanadhani kampuni ya simu inamuita dairekta, wanashuti, jioni wanagawana hela. Haiko hivyo. Tangazo linaanza mbali sana na wewe unayeitwa kucheka mbele ya kamera.

Mwenye bidhaa ndiye mteja. Mteja mkubwa hatengenezi tangazo mwenyewe, ana ejensi yake ya matangazo. Ejensi inakaa na mteja, inaambiwa tatizo ("vijana wametuhama, wanatuona mtandao wa wazee"), inarudi na wazo na skripti ya sekunde 60 au 30. Skripti ikishapita kwa mabosi, ejensi inatafuta kampuni ya uzalishaji, wale wenye kazi ya kushuti. Mara nyingi wanaitwa watatu washindane. Kila mmoja analeta dairekta wake, bei yake, na kitabu cha kurasa ishirini au thelathini kinachoeleza tangazo litaonekanaje. Vitabu hivyo ni burudani tosha. Nimesoma kimoja kilichosema "mwanga wa asubuhi utakaobeba matumaini ya taifa", na tangazo lenyewe lilikuwa la vocha.

Sasa njoo kwenye bei, maana hapo ndipo mambo yote yanapoamuliwa. Karatasi ya bajeti ina mistari: kamera na lenzi, taa, jenereta, usafiri, lokesheni, kibali cha Bodi ya Filamu, chakula, mavazi, mekapu, dairekta, mpiga picha mkuu, uhariri, rangi, sauti. Chini huko, karibu na maji ya kunywa, kuna mstari umeandikwa "wasanii". Kampuni inataka kushinda dhidi ya wengine wawili, kwa hiyo lazima ikate mahali. Ikate wapi? Kamera inakodishwa kwa bei ya mwenye kamera. Jenereta linakunywa dizeli, na dizeli haina undugu. Dairekta ana jina, ukimkata anaondoka na kazi. Mekapu wazuri mjini wanajuana, wana kundi lao la WhatsApp, wakisikia bei ya ajabu wanakataa wote. Anayebaki wa kukatwa ni yule ambaye bado hajapatikana, hana jina, hana kundi la WhatsApp, na kwa hamu ya kuonekana yuko tayari hata kujilipia nauli. Yaani bei ya uso wa yule dada ilipangwa kabla mtu yeyote hajauona.

Kazi ikishapatikana, tafuta sura inaanza. Siku hizi ni simu tu: "Tuma picha mbili, ya mbele na ya pembeni, na video ya sekunde 30, taja jina, umri, urefu, na matangazo uliyowahi kufanya." Hapo kwenye swali la mwisho watu hujibu kwa kujisifu, wanaorodhesha mpaka tangazo la duka la mjomba. Hawajui lile ni swali la mchujo. Ukisema ulishafanya tangazo la mtandao mwingine wa simu, umeondoka, hata kama ni miaka mitatu iliyopita, kwa sababu hakuna mteja anayetaka uso ambao watu wanaukumbuka kwa mshindani wake. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Kisha kuna kikao kikubwa cha mwisho kabla ya kushuti. Meza ndefu, mteja upande mmoja, ejensi katikati, kampuni ya uzalishaji upande wa pili na samosa. Hapo kila kitu kinapitishwa: michoro ya kila picha, lokesheni, nguo, kikombe, hata rangi ya ndoo iliyo nyuma uani. Nimeshuhudia dakika arobaini zikipotea kwa sababu pazia la sebuleni lilikuwa na rangi inayofanana na ya mtandao pinzani. Likabadilishwa. Watu wanalipwa vizuri kukaa kwenye kile kikao wakibishana kuhusu pazia.

Nyuso zinapita kwenye skrini moja moja. "Huyu mzuri mno, atawatisha wanawake." "Huyu ana sura ya Kariakoo, namtaka." "Huyu mama anaaminika." Wanamchagua dada kwa sababu ana kicheko ambacho mtu anaamini ni cha kweli. Hicho kicheko ndicho wanachonunua, na ndicho kitakachowauzia laini. Pale mezani kuna wakati mtu anauliza, "Muziki umelipiwa muda gani?" Jibu linakuja haraka: mwaka mmoja, Tanzania tu, televisheni, redio na mitandao. Sijawahi, nasema sijawahi hata mara moja, kumsikia mtu akiuliza uso umelipiwa muda gani.

Kwa tangazo moja, wimbo unaolia nyuma ya yule dada unakodishwa. Mkataba wake una tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na nchi. Mwaka ukiisha na kampuni inataka kuendelea, inampigia mwenye wimbo na kulipa tena, la sivyo inautoa. Staa akiwemo ndani ya tangazo, naye hivyo hivyo, mkataba wake unataja miezi, unataja mabango, unataja idadi ya posti. Kwa hiyo wanajua. Ejensi inajua, mteja anajua, kampuni ya uzalishaji inajua kabisa kwamba kutumia kitu cha mtu kuna muda na muda una bei. Wanajua kwa wenye wanasheria. Akifika modo wa laki mbili, ujuzi wote huo unapotea ghafla na inatoka karatasi ya ukurasa mmoja na nusu ya Kiingereza.

Na wamejifunza kwa wenye wanasheria kwa uchungu. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe wasanii wawili wa bongo fleva zaidi ya shilingi bilioni 2.1 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila makubaliano nao. Mnawajua, mmoja amekuwa mheshimiwa. Sina haja ya kuwataja.

Turudi kwenye siku ya kushuti. Unaitwa saa kumi na moja alfajiri, gari la kukufuata linafika na nusu. Mekapu saa moja, nguo, nguo inabadilishwa, nguo ya kwanza inarudi. Kisha unasubiri. Watu hawaambiwi kwamba kushuti tangazo ni kusubiri: wanapanga taa, wanasogeza reli ya kamera, mteja kaona jani limenyauka. Ukija wakati wako unacheka. Unacheka tena. Unacheka mara ya thelathini huku ukiambiwa "kama vile ndio umepata habari". Kwenye tangazo la soda ni balaa zaidi, unakunywa na kutema kwenye ndoo, na ile chupa inayotoa jasho la baridi imepakwa glisirini, na mabarafu ni ya plastiki maana barafu la kweli linayeyuka chini ya taa. Chakula cha mchana kipo, hilo siwezi kusema uongo, tena kizuri. Ila siku iliyoandikwa saa kumi inafika saa kumi na nne, na nyongeza ya saa hizo ipo kwa watu wa taa na haipo kwa aliyekuwa mbele ya taa.

Karatasi inasainiwa lini? Nimeona mara mbili tofauti. Ama asubuhi ukiwa umefumba macho unapakwa wanja, mtu anakushika mkono anakuonyesha pa kusaini. Ama usiku umechoka, kwenye boneti ya Noah, bahasha mkono wa kushoto na karatasi wa kulia. Saini kwanza, bahasha baadaye. Ndani ya karatasi, ukiigeuza kwa Kiswahili cha kawaida, imeandikwa hivi: umeruhusu sura yako, sauti yako na jina lako vitumike milele, dunia nzima, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, bila malipo mengine, na huna haki ya kuiona wala kuipinga kazi kabla haijatoka. Milele. Ndoa za siku hizi hazifiki huko.

Na sasa lile bango. Mchana, katikati ya kazi, anakuja jamaa mwingine na kamera yake ndogo, tena mpole. "Dada samahani, tupige picha mbili tatu za haraka kabla hujatoa hiyo nguo." Ukuta mweupe, taa moja, dakika kumi. Dada anadhani ni za kumbukumbu, pengine anaomba na yeye atumiwe aweke Insta. Hizo dakika kumi ndizo bango. Ndizo stika ya nyuma ya basi la mkoani, mwavuli wa wakala, kadi ya vocha, ukuta wa duka kule Tunduma, picha ya juu kwenye tovuti. Aliitwa kwa tangazo la televisheni la sekunde 30, akaondoka ameuza kampeni nzima. Hakuna aliyemdanganya kwa mdomo. Hakuna pia aliyemwambia.

Tangazo lenyewe, tukumbushane, linaenda kwa mhariri, mteja anarudisha maoni ("kicheko kirefushwe, nembo ikuzwe", nembo huwa haitoshi ukubwa hata siku moja), rangi zinapakwa, sauti inachanganywa, kisha linakatwa vipande: 60, 30, 15, na sekunde 6 za YouTube. Mwaka wa pili wanatoa kipande kile kile na bei mpya ya bando. Mwaka wa tatu wanakitumia tena wakati wa sikukuu, wameongeza theluji, Dar es Salaam.

Mtasema, sawa, alikubali, alilipwa, shida iko wapi? Kumbuka swali la mchujo. Uso wa yule dada sasa ni "uso wa wale". Mitandao mingine haimuiti. Benki nyingine inasita, maana bango lake lipo nje ya tawi lao. Laki mbili ilinunua siku yake moja, na juu yake ikafunga milango ya miaka mitatu bila kulipia kufunga. Balozi hulipwa ili asifanye kazi na mshindani, ni kifungu kabisa kwenye mkataba na kina bei. Dada naye hafanyi kazi na mshindani, ila kwake ni bure. Ndio maana kapanda daladala, wapendwa, na wala daladala si aibu. Mimi pia nilikuwemo kwenye daladala siku hiyo, ya Mbagala.

Kuna kisa cha Marekani nakipenda. Mwaka 1986 modo mmoja wa kawaida tu alipiga picha ya kahawa ya Taster's Choice ya Nestlé, akalipwa dola 250. Karatasi yake ilisema picha ikitumika kwenye lebo kule Kanada ataongezewa dola 2,000. Akasahau. Akaacha umodo, akawa mwalimu wa chekechea. Mwaka 2002 yuko dukani, kopo la kahawa linamtazama, na uso ni wake. Alishtaki, na mwaka 2005 baraza la mahakama likasema alipwe dola milioni 15.6. Msianze kushangilia: rufaa ilifuta hukumu hiyo mwaka 2007, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ya California ikairudisha kesi chini kubishania alichelewa kushtaki au la. Lakini angalia kilichomwezesha kusimama mahakamani hata hiyo mara ya kwanza. Karatasi ya mwaka 1986 ilikuwa na mstari wenye matumizi na bei. Ingeandikwa "milele, popote", angekunywa kahawa yake akanyamaza.

Huko huko Marekani waigizaji wa matangazo wana chama, wanalipwa siku ya kushuti na kulipwa tena tangazo linapoendelea kutumika. Hawakupewa kwa upole. Mwaka 2000 waligoma miezi sita wakigombania hayo hayo. Sisi hapa hata kundi la WhatsApp hatuna, narudia.

Jirani zetu Kenya wameanza kuamka kwa njia nyingine, sheria ya taarifa binafsi. Mwaka 2023 klabu moja ya starehe Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuposti picha ya mteja wake bila idhini, na shule moja shilingi milioni 4.55 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Sisi nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Ila msijidanganye: wale wa Kenya hawakuwa wamesaini kitu. Wewe umesaini, tena kwenye boneti.

Nitende haki kwa kampuni za uzalishaji, maana nyingi ni za vijana wenzetu, watu watatu na kompyuta mbili. Wanapewa nusu ya hela mwanzoni, nusu nyingine mteja analipa baada ya siku 60 au 90, na wakati mwingine siku 90 zinazaa nyingine. Katikati hapo wameshalipa jenereta, kamera na chakula. TRA nayo asilimia 5 yake ya zuio inakatwa juu kwa juu. Nimemuona prodyuza akiuza gari lake kumalizia malipo ya watu wa taa huku tangazo lake likirushwa kila usiku kabla ya taarifa ya habari. Kwa hiyo ukisikia "bajeti haipo", mara nyingi ni kweli haipo. Sawa. Lakini mstari wa "milele, popote" haukuwekwa na ukata. Kuandika "mwaka mmoja, Tanzania, televisheni na mitandao" hakuongezi shilingi kwenye bajeti ya leo. Kinachofanya ni kumlazimisha mteja arudi mezani mwakani kama bado anaupenda uso huo. Kama haupendi tena, bango lishuke. Anayefaidika na "milele" ni mteja, na kampuni changa inampa bure kitu ambacho hata si chake.

Wapo wanaofanya vizuri. Dairekta mmoja wa kike, silitaji jina maana ataniambia namuombea kazi, huwa anaweka mistari miwili tofauti kwenye bajeti: malipo ya siku, na malipo ya matumizi kwa mwaka. Wateja wamelalamika? Wamelalamika, kisha wakalipa, kwa sababu kiasi chenyewe kwa kampuni ya simu ni hela ya samosa za kile kikao.

"Ukidai watamchukua mwingine." Hili nalisikia kila siku, na lina ukweli. Foleni ya wanaotaka kuonekana ni ndefu kuliko ya Kimara. Lakini angalia wakati. Kabla hawajakuchagua huna nguvu, kweli. Baada ya mteja kupitisha sura yako kwenye kile kikao kikubwa, mambo yamegeuka. Jina lako limeshaingia, nguo zimenunuliwa kwa saizi yako, mteja kashajenga tangazo kichwani mwake na kicheko chako. Kukubadilisha kunahitaji kikao kingine, na hakuna mtu duniani anayetaka kile kikao kingine. Hapo katikati, kati ya kupitishwa na siku ya kushuti, una siku mbili tatu za kuuliza maswali kwa adabu na kujibiwa. Watu wanazitumia kununua wigi.

Na haraka inahitajika, maana karatasi mpya zimeanza kuja na mstari mwingine: ruhusa ya kutengeneza nakala ya kidijitali ya sura na sauti yako. Maana yake mwakani hawakuiti hata kwa hiyo laki mbili, wanakuchekesha kwa kompyuta. Waigizaji wa filamu na televisheni Marekani waligoma siku 118 mwaka 2023, na hili lilikuwa miongoni mwa waliyogombania. Wewe unalisaini huku unapakwa wanja.

Kwa hiyo ukipigiwa simu kwamba umechaguliwa, piga kelele, mpigie mama, halafu ukitulia tuma ujumbe wa maandishi, usiongee kwa simu, uwe na ushahidi. Unaweza kunakili huu:

"Asante sana kwa nafasi, nimefurahi. Kabla ya siku ya kushuti naomba kujua: picha na video zitatumika kwa muda gani, nchi gani, na wapi (TV, mitandao, mabango, vifungashio)? Kutakuwa na picha za mnato? Nitazuiwa kufanya kazi na kampuni nyingine, na kwa muda gani? Naomba pia nitumiwe fomu mapema niisome."

Hakuna tusi humo, hakuna kudai mamilioni. Wakikujibu "hiyo ni fomu ya kawaida, wote wanasaini", waombe waiandike muda, hata kama ni miaka miwili. Kalamu ya kufuta neno "milele" na kuandika tarehe, kisha nyote wawili mkaweka saini ndogo pembeni, inatosha. Nimeona ikifanyika kwenye boneti ile ile ya Noah, na dada mmoja wa Temeke mwenye miaka kumi na tisa, prodyuza akamkodolea macho kama sekunde kumi hivi, akasaini.

Kama na wewe uso wako uko mahali na hukumbuki ulisaini nini, tuambie kwenye komenti. Bidhaa gani usitaje, tusije tukafungiwa. Taja tu bango liko wapi na lina mwaka wa ngapi.